Safu Tupu ya Mwalimu wa Jiografia

Nimewaonea wivu watu wawili tu kwa moyo wangu wote. Wa kwanza ni dada yangu, kwa sababu ya sauti yake ya kuimba. Wa pili ni Mwalimu wa Jiografia, kwa sababu ya kila kitu kingine. Ule wa dada uliisha tulipokua. Huu wa pili ninao mpaka leo, na sioni sababu ya kujifanya umekwisha.

Tulifundisha pamoja miaka tisa katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa Ifakara, upande wa mashine za kukoboa mpunga. Mimi nilifundisha Hesabu, tena nilikuwa mwalimu wa taaluma, yaani ndiye niliyekusanya alama za walimu wote, nikajumlisha, nikapanga wanafunzi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kisha nikabandika orodha kwenye ubao wa matangazo. Kazi hiyo niliipenda kuliko kufundisha kwenyewe. Siku ya kubandika orodha nilivaa gauni langu la bluu, na wanafunzi walishajua: wakiliona tu gauni, uwanja mzima unanyamaza. Nilipita katikati ya ule ukimya nikidhani ni heshima.

Yeye alikuwa mfupi, mkubwa kwangu kwa zaidi ya miaka kumi, na alivaa viatu vyeusi vilivyong'aa hata masika, wakati sisi wengine tulifika kazini tumeshika viatu mkononi na matope yamefika magotini. Alikuja kwa baiskeli. Kwenye madimbwi aliinua miguu yote miwili juu, akaiacha baiskeli ipite yenyewe, na sikumwona hata siku moja akianguka. Nilitamani sana aanguke. Kila asubuhi nilichelewa makusudi kuingia ofisini ili nimtazame akivuka dimbwi la getini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwenzangu."

Watu wote kwake walikuwa "mwenzangu": mkuu wa shule, mama anayeuza maandazi, mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyeripoti jana. Mtoto akiitwa hivyo kwa mara ya kwanza aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeambiwa.

Madarasa yetu yalikuwa jirani, na ukuta uliotutenganisha haukufika kwenye bati. Mimi nina sauti kubwa; nikifundisha, hata wapita njia hujua leo ni sehemu au desimali. Yeye aliongea chini kiasi kwamba darasa zima liliinama mbele limsikie. Basi upande wake unakaa kimya muda mrefu, halafu ghafla kinapasuka kicheko. Nami nipo ubaoni, chaki mkononi, nageuka nakuta wanafunzi wangu wote wanatazama ukuta.

"Mnaangalia nini? Jibu liko huku!"

Jibu lilikuwa huku kweli. Ila walitamani kuwa kule.

Nisimfanye malaika. Vikao vya walimu alilala. Maandalio ya somo aliyaleta wiki imeshapita, na yaliyofika yalikuwa na alama za chai. Kwenye kiti chake ofisini hakuruhusu mtu kukaa hata kama yeye hayupo. Na kulikuwa na jambo la drafti. Jioni alicheza drafti kwa vizibo vya soda kwenye kibaraza cha fundi cherehani, na mtu huyu aliyekuja baadaye kupigana na orodha zangu hakuweza kushindwa hata mchezo mmoja. Aliandika ushindi wake ukutani kwa chaki, chaki ya shule. Siku moja fundi akaufuta ule ukuta, wakanuniana wiki nzima. Nikamwuliza kama haoni aibu.

"Mwalimu, si wewe unayesema mtu kuwa wa kwanza hakuna maana?"

"Kwa watoto, mwenzangu. Mimi ni mtu mzima, na yule fundi ni mwizi."

Mwaka mmoja, shule ilipofunguliwa Januari, walikuja wageni wa mradi na mpango wao. Walitaka Kidato cha Kwanza kisome muhula mmoja bila mtihani wa aina yoyote. Hakuna jaribio la wiki, hakuna nusu muhula, hakuna mtihani wa kufunga, hakuna orodha. Muda utakaobaki watoto wautumie kuchunguza mambo ya mahali wanapoishi. Shule yetu ilikuwa miongoni mwa zilizochaguliwa kujaribu. Mimi niliinua mkono nikawauliza wageni, mtoto atajuaje kwamba ameelewa? Wakanijibu maneno mengi. Yeye, aliyekuwa amesinzia, akafumbua macho akauliza swali moja tu: "Tunaruhusiwa kutoka nje ya uzio?"

Wakasema ndiyo. Hakulala tena kikao hicho.

Muhula ule nilifundisha kama mtu anayepika bila kuonja. Yeye kila Jumatano aliwatoa Kidato cha Kwanza. Walikata chupa za maji wakapima mvua. Walikwenda darajani, barabara ya Lupiro, wakachora mistari kwenye kijiti kirefu na kupima maji yamepanda kiasi gani kwenye nguzo. Walikwenda kwa wazee wa Kindamba na kwa wafugaji wa Kisukuma kuwauliza mafuriko yalifika wapi katika miaka wanayoikumbuka, kisha wakachora ramani ya bonde kwenye mifuko ya saruji iliyoshonwa pamoja. Wakirudi walikuwa na matope, njaa, na maneno.

Mwanangu Neema alikuwa katika darasa lile.

Baba yake alifariki Neema akiwa mdogo, kwa hiyo mezani tulikuwa wawili tu, na kwa miaka yote nilipomwuliza shule ilikuwaje alijibu, "Nzuri, mama." Muhula ule alianza kuongea. Alieleza jinsi bibi mmoja alivyowaonyesha alama ya maji kwenye ukuta wa jiko lake, jinsi Mwalimu alivyoteleza kwenye kingo za mto na mtoto mmoja akamdaka mkono. Aliongea chakula kikapoa. Nilimsikiliza nikitabasamu, na ndani ya kifua changu kulikuwa na kitu kinachokwangua. Kila sentensi ya tatu ilianza na "Mwalimu anasema."

"Na mimi huwa nasemaje?" nilimwuliza siku moja.

Akafikiri kidogo. "Wewe huwa unasahihisha, mama."

Muhula uliisha na mradi ukaisha nao. Ikaja barua kwamba jaribio limekamilika, shule zirudi kwenye utaratibu wa kawaida. Walimu wote tulirudi. Wengine, nisiseme uongo, tulirudi mbio. Mwisho wa mwezi wa kwanza wa muhula wa pili nilikusanya alama, nikakuta safu ya Jiografia ya Kidato cha Kwanza tupu kuanzia juu hadi chini.

Nikamfuata mezani kwake.

"Mwalimu, naomba alama za Jiografia."

"Bado, mwenzangu."

"Hujamaliza kusahihisha?"

"Sijatunga."

"Muhula wa majaribio umeisha, Mwalimu."

"Umeisha kwenye barua. Watoto ni walewale."

Akaendelea hivyo mchana kweupe, ndani ya muhula wa kawaida, wenye kengele zake na ratiba yake. Mada za silabasi alizifundisha zote. Kwa hilo sikuweza kumkamata. Jumatano aliwatoa kama zamani. Na nilipomsumbua sana juu ya ile safu, alinipa karatasi tatu zilizoandikwa kwa mkono, jina la kila mtoto na sentensi moja mbele yake. *Huyu anasikia vizuri kuliko anavyoandika; mwache aeleze kwa mdomo. Huyu hupima mara mbili bila kuambiwa. Huyu ameanza kuwatazama watu usoni.*

"Hizi nizijumlisheje?" nilimwuliza.

"Usizijumlishe. Zisome."

Nilizisoma nikiwa peke yangu ofisini. Nilitafuta jina la Neema kwanza, kama mzazi yeyote. Aliandika hivi: *Anajua jibu, lakini husubiri ruhusa ya kulijua.*

Nilikaa na karatasi ile mpaka chai yangu ikapoa. Jioni nilimtazama Neema akiosha vyombo, nikamwuliza, "Mwanangu, kuna kitu unakiogopa?"

"Hapana, mama," akasema, kisha akautazama uso wangu kuona kama amejibu sawasawa.

Nilimzaa mimi. Nimemlea mimi. Mtu mwingine amemsoma kwa muhula mmoja na nusu, kwenye matope, akaona nisichokiona mezani kwangu kila siku. Wengine wangeshukuru. Mimi niliikunja ile karatasi yenye jina lake mpaka ikawa ndogo kabisa nikaitia mfukoni, na usiniulize kwa nini sikumrudishia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Muhula wa pili ulipofungwa nilisahihisha Hesabu za Kidato cha Kwanza, na nikadhani nimekosea. Nikarudia. Walikuwa wamepanda, karibu wote, kuliko kidato cha kwanza chochote nilichowahi kufundisha, na walipanda zaidi kwenye uwiano, vipimo na grafu, mambo ambayo kila mwaka huniumiza kichwa. Nilimwita msichana mmoja aliyekuwa akishika mkia kwenye majaribio yote ya muhula ule.

"Kusoma skeli umefundishwa na nani?"

"Kwenye nguzo ya daraja, Madam," akasema.

Nikachukua karatasi safi. Nikaandika alama za jaribio la mwanzo wa muhula na za mtihani wa mwisho, mtoto kwa mtoto, nikapiga mstari kwa rula. Hesabu haibembelezi mtu, ndiyo maana niliipenda, na pale ilisema wazi kwamba Jumatano zake zilikuwa zimenifundishia somo langu. Nikaiweka kwenye jalada. Nilikusudia kumwonyesha. Nakuhakikishia nilikusudia.

Kikao cha wazazi kiliitishwa wiki hiyo hiyo, kwa sababu minong'ono ilikuwa imezidi. Mzazi mmoja mwenye mashine ya kukoboa alisimama na fomu ya mwanawe mkononi.

"Hapa kwenye Jiografia pamekaa patupu. Nauliza tu, mwanangu ni wa ngapi?"

Mwalimu wa Jiografia akasimama. "Sijui, mzee wangu. Ninachojua ni kwamba anaweza kukuambia maji yatafika wapi kabla hujapanda."

"Maji ya bonde hili nayajua kabla wewe hujafika. Nimeuliza wa ngapi."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama mmoja mkulima, nyumbani kwao Mahenge, akasimama bila kupewa nafasi. "Mimi wangu huwa wa mwisho kila mara," alisema. "Muhula ule ndio hakurudi analia." Wakamwambia akae. Mwingine akapaza sauti kwamba mtihani wa taifa hauji kuwauliza watoto habari za matope. Hapo ukumbi ukawaka.

Mkuu wa shule akatuliza watu, akanigeukia. "Mwalimu wa taaluma, wewe ndiye mwenye takwimu. Una la kusema?"

Jalada lilikuwa magotini kwangu na ile karatasi ilikuwa ya juu kabisa. Mwalimu wa Jiografia alinitazama. Hakuwa ananiomba, alitazama tu, kama anavyomtazama mtoto anayekaribia kujibu.

"Sina, mkuu," nikasema.

Na kwa muda wa kama dakika mbili, lazima niseme, nilijisikia vizuri sana. Kulikuwa na utamu mdomoni. Kisha nikamwona akikaa kwenye benchi na kufuta tope kiatuni kwa kidole, yeye ambaye sikuwahi kukuta tope kiatuni kwake, na utamu ukaisha.

Aliamriwa atunge mtihani, akatunga. Likizo haijaisha ikatoka barua ya uhamisho: Mlimba. Siku aliyoondoka, Neema alikwenda stesheni bila kuniaga. Alirudi macho mekundu, akaenda moja kwa moja kufua. Chakula cha jioni nikamwuliza siku ilikuwaje.

"Nzuri, mama."

Orodha ya muhula uliofuata ilijaa safu zote. Ilikuwa nzuri kweli, na nilivaa gauni langu.

Mwaka uliofuata nilijaribu mwenyewe. Usinicheke. Niliwachukua Kidato cha Kwanza Jumatano moja mpaka darajani, nikawaambia wapime. Mvulana mmoja akainua mkono: "Madam, hii itatoka kwenye mtihani?" Tulipima dakika chache, jua likawa kali, nikawarudisha.

Ilipita miaka mitano. Mwaka jana nilipata msiba Mlimba, shangazi wa marehemu mume wangu, na baada ya maziko nilibakiwa na asubuhi nzima kabla ya treni. Nikauliza shule iko wapi. Nilimkuta nje ya ofisi, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, amevaa kandambili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Neema! Pole na msiba, nimesikia." Akanivutia benchi. "Neema alinipigia Jumapili."

"Neema yupi?"

"Neema wako. Anataka kuacha uhasibu ahamie masomo ya maji, pale pale chuoni Morogoro. Nikamwambia, mwambie kwanza mama yako." Akaniona uso. "Hajakuambia."

"Hajaniambia."

"Basi atakuambia," alisema kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma zaidi. Miaka mitano mwanangu alikuwa na namba ya simu ambayo mimi sikuwa nayo.

Nikageuza macho ili nisilie mbele yake, nikaona kwenye mlango wa ofisi kuna orodha. Jiografia, Kidato cha Pili, wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mwandiko wake.

"Mwalimu, wewe unabandika?"

"Kila Ijumaa, kama wenzangu wote." Akatazama kandambili zake. "Nilishabishana peke yangu mara moja, Mama Neema. Inatosha."

Kama angenitukana ningeweza kuondoka. Badala yake nilimwambia. Nilimwambia habari ya ile karatasi, alama za mwanzo na za mwisho, mstari wa rula, jalada, magoti yangu. Sikujitetea. Alivua miwani akaishika.

"Ulikuwa nayo pale pale ukumbini?"

"Ilikuwa ya juu kabisa."

"Ilisemaje?"

"Kwamba ulikuwa sahihi. Darasa zima."

"Kwa nini, mwenzangu?"

"Nilikuonea wivu."

"Mimi? Wivu wa nini?" Aliuliza kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Na nilipofungua mdomo kumweleza, nikaona hajui. Miaka tisa ukuta kwa ukuta, hakujua kabisa.

Kengele ikagongwa. Alisimama, midomo imekaza. Alikuwa amekasirika, na nilifurahi kwamba amekasirika.

"Sina la kukujibu sasa hivi," alisema. "Nina jaribio." Akaingia ofisini akatoka na bunda la karatasi. Akasita, kisha akanigawia nusu. "Darasa ni kubwa. Gawa mistari ya dirishani."

Niligawa. Watoto walikuwa wengi, watatu kwa dawati. Karatasi yangu ya mwisho nilibaki nayo, nikaisoma nimesimama nyuma ya darasa. Maswali tisa ya kawaida, ya silabasi, mazuri, magumu kiasi, yenye alama pembeni kama yanavyotakiwa. Mkaguzi yeyote angeridhika. Chini yake la kumi: *Andika swali moja ulilotamani kuulizwa leo, na ambalo hakuna aliyekuuliza. Swali hili halina alama.*

Nilitazama darasa. Msichana wa mstari wa mbele alikuwa ameruka yote tisa akaanzia la kumi, ameng'ata ncha ya kalamu. Wa pembeni yake alijibu haraka haraka, mwandiko unakimbia, ili apate muda wa kufika pale chini. Muda ulipokwisha hawakutaka kuziachia karatasi, na wote walikuwa kwenye swali lile la kumi.

Wivu ulinirudia pale pale nyuma ya darasa, mzima kabisa, kama wa siku ile ya kwanza getini. Miaka mitano nilikuwa nimeamini kwamba niliimaliza kazi yake, na hata majuto yangu yalisimama juu ya imani hiyo. Kumbe alikuwa ameiingiza ndani ya mtihani wenyewe, kwa sentensi mbili, chini ya pua za watu wote. Mimi nimetunga mitihani maisha yangu yote, na haikunijia hata mara moja.

Tukakusanya. Watoto wakatoka.

"Hilo la mwisho huwa unalifanyia nini?" nilimwuliza.

"Nalisoma." Hakunitazama. Alikuwa akizinyoosha karatasi kwa kiganja. "Jumatatu tunaanza kipindi na mojawapo."

Nilishika bunda langu la mistari ya dirishani. Nikasoma swali la mtoto wa kwanza, nikasoma la wa pili, nikarudi la kwanza. Treni yangu ilikuwa saa nane.

"Mwalimu," nikasema, "naomba kiti."

Aliziweka karatasi zake kwenye dawati. Kisha akaenda mpaka ofisini, akarudi amebeba kiti chake mwenyewe, akakiweka karibu na dirisha, hatua chache kutoka dawati alilokalia yeye.